Hita ya Landrova na Kizibo cha Mpingo

Siku ya kuniaga, mgeni rasmi alisimama akasema kwamba katika miaka yote niliyofanya kazi karakana, hakuna gari lililowahi kurudi kwa kosa la mkono wangu. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa na sahani mapajani, na mtu mwenye mdomo uliojaa pilau hawezi kumsahihisha mgeni rasmi. Baadaye mkanikabidhi saa ya ukutani, zawadi anayopewa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, nami nikaenda kuitundika nyumbani kwangu Bigwa. Kila ikigonga naikumbuka hotuba ile. Kwa hiyo nimeona niandike, vijana wangu wa karakana, nikiwa bado na akili zangu: gari lilirudi. Lilirudi limefungwa mnyororo nyuma ya lori, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Vyeo vyangu na mishahara sitavitaja. Vimo kwenye faili, kama panya hawajalimaliza.

Niliingia karakana ya serikali nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetembea kwa miguu kutoka Bigwa, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yangu. Fundi mkuu siku hizo alikuwa Mzee Mloka, Mluguru mwenzangu wa kule juu milimani, mfupi, mwenye vidole vinene vilivyoweza kuingia mahali ambapo vyangu vyembamba vilikataa. Alilitazama lile shati akaniuliza kama nimekuja kuposa. Kisha akanipa debe la nati na bolti zilizooza, kopo la mafuta ya taa, na mswaki wa meno uliokwisha. Kwa miezi miwili kazi yangu ilikuwa kupiga mswaki bolti. Shati jeupe likawa tambara la kufutia dipu stiki, kile kijiti cha kupimia oili, kabla ya Ijumaa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na vipuri vilikuwa adimu. Unaagiza kipuri leo, kinapofika gari limeshasahauliwa na nyasi zimeota ndani yake. Spana ya nusu inchi tulikuwa nayo moja kwa mafundi watatu. Ukiihitaji unapiga mluzi, anayeitumia anamaliza bolti yake na kukurushia. Wenzetu wa maofisini walikuwa wakienda semina kujifunza maana ya ujamaa na kujitegemea. Sisi hatukualikwa, nadhani kwa sababu ya ile spana.

Katika hali hiyo Mzee Mloka alikuwa mfalme. Alikata gasketi, zile karatasi za kuzibia maungio ya injini, kwa maboksi ya sabuni. Alitengeneza springi ya kabureta kwa waya wa mwavuli. Gari likiingia karakana halitembei, yeye hakuuliza kipuri kiko wapi, aliuliza tuna nini. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia, na mengi ninayoyajua aliniachia yeye. Kosa ninalotaka kulisimulia pia aliniachia yeye.

Landrova zetu zilikuja na hita. Kwa nyinyi mliokuta magari mengine nieleze: hita ni kijisanduku kilichofichwa chini ya dashibodi, na ndani yake mna rejeta ndogo. Maji ya moto hutoka kwenye injini kwa mpira mmoja, huzunguka humo, na kurudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Feni hupuliza, na joto huwafikia walio ndani miguuni. Aliyeibuni alikuwa na nia njema, ila alikuwa na baridi ya kwao. Mzee Mloka alisema kuweka hita kwenye gari la Morogoro ni kumpelekea shuka mtu aliyeko Jehanamu.

Mipira hiyo ya hita hushikwa kwenye injini na vipande vifupi vya bomba la chuma vyenye hesi, yaani nyuzi za kukazia kama za bolti, upande mmoja, ambavyo sisi tuliviita nipeli. Chuma kikipitishiwa maji ya moto yaliyochotwa mtoni, mwaka baada ya mwaka, kinaoza. Nipeli inaliwa taratibu chini ya mpira, mahali ambapo jicho halifiki, mpaka siku moja maji yanaanza kudondoka juu ya injini. Dawa ya kitabu ilikuwa kufungua nipeli na kufunga mpya, na nipeli mpya hazikuwepo. Dawa ya Mzee Mloka ilikuwa kizibo. Unachonga kipande cha mpingo, mti usiooza kwa maji ya moto, unakigonga ndani ya nipeli mpaka kwenye mzizi wake ambao bado mzima, kisha unarudisha mpira juu yake kwa heshima zote. Maji hayavuji tena. Hita imekufa, lakini nani atajua? Hakuna aliyewahi kuiwasha.

Nilikuwa hodari wa kuchonga vizibo. Nilikuwa na kopo la maziwa limejaa, nimevipanga kwa ukubwa, na nilijivunia kopo lile kama wengine wanavyojivunia cheti.

Sasa nimtaje Mzee Sanga. Alikuwa dereva wa landrova iliyowapandisha mabwana shamba milimani, mtu wa Makete, kule ambako asubuhi nyingine majani yanakuwa meupe kwa barafu. Alivaa koti jua likiwa utosini. Madereva wenzake walikuwa wameshamwona akiwasha hita huku amefungua madirisha yote, wakambandika jina Bwana Jiko. Hakujitetea wala hakueleza. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimpa shikamoo alikutazama kidogo kwanza, kama anayepima unastahili kiasi gani, kisha ndipo anasema marahaba, ndefu, yenye uzito wake. Mimi nilikuwa nikiipata kila asubuhi.

Siku moja ya kiangazi alileta gari lake na fomu ameijaza kwa herufi zilizosimama wima: nipeli za mipira ya hita zimeoza, maji yanapungua, naomba zibadilishwe. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi gari lilitakiwa liwapandishe Kinole wageni kutoka Dar es Salaam waliokuwa wanakuja kuona maendeleo ya kijiji. Nilipiga hesabu. Kubadilisha nipeli kungekula siku tatu, na hizo nipeli nizitoe wapi. Vizibo viwili vingekula dakika ishirini. Nikafungua kopo langu.

Fomu zile zilikuwa na nafasi ya fundi kuandika neno moja kati ya mawili, imetengenezwa au haijatengenezwa. Neno la "imezibwa" halikuwemo. Ukiandika haijatengenezwa, gari haliruhusiwi kutoka getini. Nikaandika imetengenezwa, nikatia sahihi, Mzee Mloka akatia yake bila kufungua boneti. Mzee Sanga aliisoma ile fomu, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti, akaniambia ahsante. Ahsante ile inaniuma mpaka leo.

Alichokuwa anakijua yeye, na sisi mafundi hatukuwa tumekifikiria, ni hiki. Rejeta kubwa ya gari lake ilikuwa imejaa tope nusu, na rejeta mpya ilikuwa imeagizwa kwa maana niliyokwisha kuieleza. Kwenye tambarare ilitosha. Kwenye mlima haikutosha, na mshale wa joto ulipanda. Hapo Mzee Sanga alikuwa akiwasha hita. Ile rejeta ndogo ya chini ya dashibodi ilichota joto la maji na kulimwaga miguuni mwa waliomo, injini ikapata nafuu, na gari likafika juu. Alikuwa amepanda Uluguru kwa miaka kwa namna hiyo, akiiva miguu yeye ili injini isiive. Wengine walidhani anaota moto.

Alhamisi ile, wameshaiacha Bigwa nyuma na wako katikati ya mlima, mshale ukapanda. Mzee Sanga akafungua koki ya hita na kuwasha feni. Badala ya joto ukatoka upepo. Akangoja dakika moja, akiamini karatasi iliyokuwa mfukoni mwake, na dakika hiyo ndiyo iliyozidi. Injini ilichemka, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapasuka, na landrova ikasimama inafuka mvuke kwenye kona.

Wageni walimaliza safari kwa miguu. Huko Kinole, akina mama walikuwa wameanza kuimba tangu asubuhi na sauti zilikuwa zimewakauka, na mananasi yaliyokatwa yalikuwa yamekwisha kuwa ya nyuki. Wageni walitokeza mmoja mmoja, viatu vya mjini mkononi. Walikuwa wameandaa hotuba juu ya kujitegemea, nasikia waliifupisha sana.

Gari likavutwa mpaka karakana, na lawama ikatangulia kabla yake. Kuwaaibisha wageni wakubwa katika miaka ile halikuwa jambo dogo, na neno hujuma lilikuwa jepesi midomoni mwa watu. Kamati ya nidhamu ikaitishwa. Hoja ilikuwa moja: ama Mzee Sanga aliacha maji yakauke kwa uzembe, ama kwa makusudi, na kwa vyovyote vile kazi imemshinda. Akifukuzwa kwa kosa hilo asingepewa usukani wa gari la serikali popote nchini, na nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya kazi. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Aliulizwa alifanya nini alipoona mshale unapanda. Akajibu kwamba aliwasha hita. Mwenyekiti, afisa aliyesimamia magari yote ya mkoa, aliweka kalamu chini.

"Ndugu Sanga, unataka kamati iamini kwamba ukiwasha moto gari linapoa?"

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimeitwa kama shahidi, nimekaa benchi la nyuma karibu na Mzee Mloka, na najua kwamba nilitabasamu ili nisionekane sicheki. Mwenyekiti akanigeukia akaniuliza kama hita ilitengenezwa. Nikasema fomu inaonyesha imetengenezwa. Angalieni jibu hilo, vijana. Halina uongo hata mmoja ndani yake, na sijawahi kutamka jambo chafu zaidi ya hilo. Mzee Sanga aligeuza kichwa akanitazama, taratibu, kama alivyokuwa akinitazama kila asubuhi kabla ya kunijibu shikamoo. Kamati ikaahirishwa kwa wiki mbili ili injini ifunguliwe na taarifa iandikwe. Kazi ya kuifungua nikapewa mimi.

Katika wiki hizo Mzee Sanga alikuwa amesimamishwa kazi, lakini masharti yalimtaka aripoti kila siku. Akaripoti. Saa moja na nusu asubuhi alikuwa ameshaketi kwenye benchi la nje ya karakana, kaki yake imepigwa pasi, koti juu, mikono magotini, na hapo alikaa mpaka saa ya kutoka. Ili niingie kazini ilinibidi nipite mbele yake. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo. Alinitazama, akanipima, na hakujibu. Siku ya pili hivyo hivyo. Mtu mzima kukunyima marahaba mbele za watu si jambo la kawaida kwetu, na ukilipata unajua umelipata. Mafundi wenzangu waliacha kupiga mluzi kila nilipokuwa napita.

Nilifungua injini. Vizibo vyangu vilikuwa pale pale, vizima, kazi safi. Nilivivuta kwa koleo, nikavitazama kiganjani, na ukweli ni kwamba wazo la kwanza lilikuwa kuvitupa jikoni kwa mama ntilie. Nikamwendea Mzee Mloka. Alikuwa ananoa tindo, hakuinua kichwa.

"Vizibo havina mdomo," aliniambia. "Na wewe ni fundi, si shahidi."

Nikamuuliza, na Mzee Sanga je? Akanoa tindo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilimkasirikia siku ile kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikijua fika kwamba ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Kutaja vizibo kulikuwa kumtaja yeye, maana karakana nzima ilijua ni ufundi wa nani. Kutovitaja kulikuwa kumuuza mzee aliyekaa kwenye benchi. Nilipita mbele ya benchi lile siku tisa nikiwa na vizibo viwili mfukoni.

Kikao cha pili nilisimama kabla sijaitwa, kwa sababu nilijua nikingoja kuitwa nitakuta jibu lingine lisilo na uongo. Nikafungua leso niliyovifunga vile vizibo juu ya meza ya mwenyekiti. Nikaeleza kwamba nipeli sikuzibadilisha, niliziziba, kwamba hita ilikuwa imekufa wakati naandika imetengenezwa, na kwamba Mzee Sanga alisema kweli tupu. Nikaeleza jinsi maji yanavyopoteza joto kwenye ile rejeta ndogo. Safari hii hakuna aliyecheka.

Vizibo vikapitishwa mkono kwa mkono mpaka vikamfikia Mzee Mloka. Akavigeuza, akavileta karibu na macho.

"Hiki kimechongwa vibaya," akasema. "Changu kisingetoka kwa koleo."

Mwenyekiti alimuuliza ana maana gani kwa kusema changu. Mzee Mloka akasimama na kueleza, bila haraka, kama anayesomesha, kwamba landrova zote kumi na moja za mkoa zina vizibo, na kwamba utaratibu huo aliuanzisha yeye kabla kijana huyu hajajua kushika spana. Mwenyekiti akauliza kama na lake limo.

"La kwako nililiziba mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti. Ukilifungua utaona tofauti ya kazi."

Mzee Sanga akarudishwa kazini siku ile. Mzee Mloka akapata barua ya onyo, ambayo aliikata kuwa gasketi, na huo si utani, niliiona. Mimi nilipata barua kama yake pamoja na amri: nipeli za hita za magari yote kumi na moja zifunguliwe, zifungwe mpya, na hita zifanye kazi. Katika mji huu. Kiangazi. Nadhani hakuna mkoa mwingine katika nchi hii uliowahi kupigania hita kiasi hicho.

Nilianza na gari la Mzee Sanga, na hapa naomba mnaoshika spana msome polepole. Mpira wa hita usiuvute. Nipeli iliyooza huwa nyembamba kama ganda la yai, ukivuta inakatika na kukuachia mzizi ndani ya injini. Pasua mpira kwa urefu wake, uuvue kama unavyomenya ndizi. Mimi niliujua ushauri huo baada ya kuvuta mara ya tatu; mara mbili za kwanza, kuingiza vizibo na kuvitoa, nipeli zilinivumilia. Nipeli ya kwanza ikakatika kwenye hesi, nikabaki na shimo lenye pete ya kutu iliyonikenulia meno.

Nilikuwa nimeinama juu ya pete hiyo nilipoona vidole vinene vikishuka pembeni yangu. Mzee Mloka hakusema lolote juu ya kamati. Aliniamuru niloweshe ile kutu kwa mafuta ya taa na niiache siku mbili, kila nikipita niigonge kidogo, kama mtu anayebisha hodi na hana haraka. Siku ya tatu akaipasha moto kwa gesi mpaka ikabadilika rangi, akaiacha ipoe. Kisha akachukua kipande cha jino la msumeno wa chuma, akakifunga tambara upande mmoja kiwe mpini, akakata pete ile kutoka ndani, uzi kwa uzi, akasimama nusu unywele kabla ya kugusa hesi za injini. Akaikunja kwa tindo lile alilokuwa akilinoa. Ikatoka nzima. Hesi zilikuwa safi kabisa. Nilielewa hapo kwamba mzee yule alijua njia ya kitabu miaka yote, kuliko kitabu. Nikamuuliza kwa nini basi vizibo. Akasema hakuna aliyewahi kumngoja siku tatu.

Nipeli mpya tulizipata kwenye mabomba ya maji. Tulikusanya koki mbovu za shaba, zile zilizokwisha kukatika vichwa, nikazipeleka kwa fundi mkereza mmoja, mchonga vyuma kwa mashine, upande wa Kingolwira, mtu mwenye sikio moja lisilosikia, aliyekereza huku ameegemeza lile linalosikia karibu na mashine. Shaba haishiki kutu kama chuma. Tulizungushia hesi nyuzi za katani zilizopakwa rangi ya mafuta, na katani Morogoro haikuwa kipuri cha kuagiza, ilikuwa inaota kila upande tunaotazama. Ukikaza, kaza kwa mkono unaohisi, si kwa hasira. Shaba ni laini, na mwenye hasira atarudi kuwa mteja wa jino la msumeno.

Silinda hedi nyingine tuliitoa kwenye gari lililokuwa limeota nyasi. Nikajaza maji, nikawasha injini, nikaacha iungurume mpaka mipira yote miwili ya hita ikawa ya moto mkononi. Kazi ilikuwa imekwisha. Nikachukua fomu, nikaijaza yote, na nilipofika kwenye nafasi ya neno moja, mkono ukakataa. Nikaacha tupu. Getini mlinzi asingeruhusu, kwa hiyo Mzee Sanga akaja mwenyewe kuuliza. Alitazama nafasi ile iliyo tupu, akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfuko wa koti. Akamwambia mlinzi kwamba gari linakwenda majaribio na fundi yumo ndani. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba nimo.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimempa shikamoo kama asubuhi zote, na kama asubuhi zote hakujibu. Tukatoka hivyo. Alinionyesha kiti cha kushoto, ambako mdomo wa hita unatazama miguu. Tukapita Bigwa, tukaanza kupanda. Migomba ikaanza kukaribia barabara, harufu ya mdalasini unaoanikwa ikaingia dirishani, na mshale ukapanda. Kwenye kona ile ile alipokwama, Mzee Sanga alinyoosha mkono bila kunitazama, akafungua koki mpaka mwisho, akawasha feni.

Vijana, nilipikwa. Joto liliingia kwenye suruali, likapanda magotini, jasho likatiririka mpaka kwenye soksi. Nilitaka kusogeza miguu na hapakuwa na pa kuisogeza. Mshale ukatetemeka, ukasimama, halafu ukaanza kurudi chini, kidogo kidogo, na mimi nikiutazama kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye sherehe yoyote, ya kuniaga ikiwemo. Nilikuwa nalia kidogo. Katika jasho lile haikuonekana, au Mzee Sanga aliamua isionekane. Hakupunguza koki mpaka Kinole.

Tulipofika alizima injini, akashuka, akafungua boneti. Akapitisha kidole chini ya nipeli ya kwanza, akakitazama. Kikavu. Akapitisha kwenye ya pili. Akakifuta kidole kwenye koti ingawa hakikuwa na kitu.

"Marahaba," akasema.

Kisha akatoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya madigadi, akanipa kalamu yake. Nikaandika lile neno moja. Jasho likadondoka kutoka kwenye pua yangu juu ya sahihi, wino ukatanda, na kesho yake karani wa faili akanirudishia fomu akisema ni chafu, niandike nyingine.

Nikakataa.